Kutoka Taa hadi Gunia: Kufuata Dagaa kwa Kamera, Igombe hadi Mwaloni

Safari hii hupangwa kwa kalenda ya mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikua, taa inapoteza nguvu, wavuvi wanapumzika na nyavu zinaanikwa. Mpiga picha anayefika Mwanza mwezi ukiwa duara atarudi nyumbani na picha za mawe. Sisi tulichagua mwisho wa Julai, siku tatu kabla ya mwezi kuandama: giza totoro, na kiangazi kimeshika kiasi kwamba dagaa wanaoanikwa asubuhi hukauka siku hiyohiyo. Ubaya wa Julai ni vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Upeo wa ziwa hupauka, picha za mbali hazina makali, na hakuna lenzi ya kutibu hilo.

Tulikuwa watano, kamera tatu na simu mbili. Kwenye begi la kamera: lenzi ya milimita 18–55 inayokuja na kamera (namba ndogo huona kwa upana, kubwa huvuta vya mbali), lenzi ndefu ya 55–250, na ile 50 ya f/1.8 (f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga mwingi huingia) ambayo kwa bei yake hakuna kitu kinachoipita usiku. Stendi ya miguu mitatu, betri mbili kwa kila kamera, kipulizia cha mpira, na memori kadi mbili za GB 32 badala ya moja ya GB 64, maana kadi ikiharibika unapoteza nusu ya safari, si yote. Faili ya RAW (picha ghafi, kabla kamera haijaichakata) ya kamera ya megapikseli 24 hula takriban MB 25 hadi 30, hivyo kadi moja hubeba picha kama 1,000. Zinatosha.

Daladala ya Igombe hupita uwanja wa ndege na kuendelea upande wa Ilemela. Tulifika saa 10 jioni, mapema kwa makusudi. Mwalo, yaani ufukwe wa kuegesha mitumbwi na kushusha samaki, unapaswa kuuona mchana kabla ya kuutembea usiku: kamba za nanga zinapita wapi, mitumbwi imelazwa wapi, chanja za kuanikia dagaa zimeanzia wapi. Pia kuna salamu. Tulianza kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), tukaeleza tunapiga nini na hadi saa ngapi. Anayeruka hatua hii hujuta, kwa sababu mvuvi akiona lenzi ndefu ufukweni jambo la kwanza linalomjia ni doria ya uvuvi haramu, na baada ya hapo kila uso utageuka.

Mitumbwi ilitoka jua linapozama. Saa 2 usiku taa za kwanza zilikuwa zimetulia mbali majini, na kufikia saa 4 ziwa lilikuwa na mji mwingine. Hapa ndipo wengi hukosea lenzi. Jicho linaona taa zimejaa, mtu anafunga 18, akifika nyumbani anakuta nukta kama chawa kwenye shuka jeusi. Taa ziko kilomita kadhaa. Tumia 50 au zaidi ili mstari wa taa ubanane. Mipangilio iliyotufaa ilikuwa f/2.5, sekunde 2, ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga; ikipanda, chembe huongezeka). Tulijaribu sekunde 15 kwa ISO ndogo zaidi. Picha ilikuwa safi, lakini kila taa ilichora mnyoo, kwa kuwa taa inaelea na ziwa halitulii. Anayetaka minyoo ya mwanga, hiyo ndiyo njia yake.

Fokasi ya otomatiki ilikwenda na kurudi bila kushika. Ifunge, geuza kwa mkono, kuza kioo cha nyuma mara 10 kwenye taa moja ya mbali, zungusha pete polepole hadi taa iwe ndogo kabisa, kisha usiiguse tena. Zima kitulizaji cha lenzi, kile cha kuzuia mtikisiko, kamera ikiwa kwenye stendi, na tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Zima pia usafishaji wa chembe kwa picha ndefu: kamera hupiga picha ya pili ya giza kwa muda uleule, kwa hiyo sekunde 15 zinakuwa 30 na betri inakwisha ungali unasubiri. Rangi ya mwanga (white balance) tuliiweka 4000K. Karabai hubaki na umanjano wake, taa za sola zikaelekea ubuluu kidogo, na ukitazama picha unaweza kuhesabu nani ameshahama karabai na nani bado. Rangi ya otomatiki ingebadilika picha hadi picha na kuifuta tofauti hiyo.

Miguu ya stendi huzama mchangani, polepole kiasi kwamba hugundui hadi upeo wa ziwa uwe umelala upande. Dawa yake ni kandambili: moja chini ya kila mguu. Begi lining'inizwe katikati ya stendi kwa ajili ya upepo wa usiku unaotoka nchi kavu kwenda ziwani.

Wenye simu walipata zaidi ya walivyotarajia. Kioo cha lenzi kifutwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu alama moja ya kidole huifanya kila taa iwe na mkia. Simu iegemezwe kwenye mtumbwi uliolazwa, iwekwe hali ya usiku, iachwe imalize kazi yake.

Wadudu ni habari nyingine. Karibu na mwezi mwandamo, vijidudu vya ziwa huibuka kwa wingi hadi huonekana kama moshi juu ya maji. Usibadilishe lenzi chini ya taa. Tochi iwe nyekundu, ambayo haiwaiti sana na haiharibu macho yaliyozoea giza.

Saa 11 alfajiri Kilimia, kile kikundi cha nyota, kilikuwa kimepanda mashariki, taa zikianza kusogea. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kiasi kwamba jua huchelewa karibu dakika 25. Kwa mwisho wa Julai huchomoza dakika chache tu kabla ya saa 1. Mwanga wa kabla ya jua hudumu kama dakika 20, basi. Hapa karibu na ikweta jua hupanda wima, na nusu saa baada ya kuchomoza utamu umekwisha. Kila kitu kiwe tayari saa 12:30: ISO 800, f/2.8, sekunde 1/125 kwa kuanzia, ukipunguza ISO jinsi kunavyokucha. Watu wanaoteremsha ndoo wanahitaji 1/250, la sivyo mikono inafutika.

Kishawishi cha saa hiyo ni kuingia majini ili upige kutoka chini mtumbwi ukija. Picha ni nzuri kweli. Ila kando za ziwa kuna kichocho, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwa hiyo vaa gambuti au baki mchangani upige ukiwa umechuchumaa. Tofauti ya picha ni ndogo mno kuliko tofauti ya matibabu.

Kisha dagaa wakamwagwa kwenye chanja, na hapo ndipo kamera zetu zote zilipodanganyika. Kipimamwanga hakijui kinachotazama. Kimefundishwa kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu. Kikiona chanja nzima ya fedha inayong'aa, kinaamua kuna mwanga kupita kiasi na kuupunguza. Dagaa wanatoka rangi ya jivu la mkaa. Ongeza fidia ya mwanga stopu 1 (stopu moja ni mwanga mara mbili), na washa tahadhari ya kuungua ili uone sehemu gani zimekuwa nyeupe tupu. Vimulimuli vichache kwenye migongo ya dagaa ni vya halali. Chanja nzima ikimulika, rudisha theluthi moja ya stopu hadi mbili.

Tatizo halisi ni sura. Mama anayegeuza dagaa amesimama mbele ya uwanja wa fedha, kamera inapima uwanja, naye anakuwa kivuli chenye kitenge. Pima usoni kwa upimaji wa nukta, yaani kamera ipime sehemu ndogo tu ya picha. Lakini kumbuka kijivu kilekile: kipimamwanga kikielekezwa kwenye ngozi nyeusi kitaiangaza hadi ifanane na kijivu, na mtu atapauka kama aliyepakwa vumbi. Punguza kati ya theluthi mbili na stopu 1. Kwenye simu, gusa uso, shikilia hadi kipimo kifungwe, kisha teremsha alama ya jua kidogo kwa kidole. Na zima urembo wa uso. Ule huondoa mikunjo ya mama na magamba ya dagaa kwa pamoja.

Ruhusa iliombwa hivi:

"Shikamoo mama. Tunaomba kupiga picha za dagaa wako, na wewe ukiwa kazini, kama hutojali."

"Marahaba. Zinakwenda wapi hizo?"

"Ni za kwetu, mama, tunapiga kwa kupenda tu. Tutakuletea yako imechapwa."

"Haya. Ila msinikanyagie dagaa."

Ahadi ya picha iliyochapwa isitolewe kama huwezi kuitimiza. Wapiga picha wengi wameahidi kando ya ziwa hili, na watu wanakumbuka.

Jua likiwa chini, simama liwe ubavuni mwako: kila dagaa anapata kivuli chake na chanja inakuwa kama kitambaa kilichofumwa. Saa 3 asubuhi vivuli vilikuwa vifupi, tukafunga mizigo.

Mwaloni, soko la samaki la Kirumba mjini Mwanza, ni shule tofauti. Huku dagaa wako kwenye magunia, pamoja na sangara waliokaushwa, na malori yanapakia mizigo ya hadi Kongo. Juu kuna bati, nje kuna jua la saa 5. Tofauti ya mwanga kati ya kivuli cha bati na uwanja inaweza kufika stopu 4 au 5, na hakuna haja ya kupigana nayo. Ingia ndani kabisa, elekea ndani, jua libaki mgongoni nje ya fremu. Wabeba magunia hawasimami na hawana sababu ya kusimama. Ama 1/250 uwagandishe, ama 1/30 ukimfuata mmoja kwa kamera kwa mwendo wake ili yeye awe mkali na soko lipite kama mto. Ya pili hufaulu labda mara moja kati ya kumi, piga ishirini.

Vumbi la dagaa ni laini na lina mafuta. Lenzi moja ifungwe asubuhi, isifunguliwe hadi umetoka sokoni. Punje ikikaa kwenye lenzi, tumia kipulizia kwanza, kitambaa baadaye, na kamwe si pumzi ya mdomo, kwa sababu mate na vumbi hilo hutengeneza gundi. Korongo marabu wamejipanga nje wakisubiri mabaki. Mgongo mweusi, tumbo jeupe: linda weupe, punguza theluthi mbili, na weusi uuinue baadaye kwenye RAW.

Jioni tulipita Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la Mwanza lililo majini, kwa sababu kila mtu hupita. f/11, punguza stopu 1, subiri jua liguse maji. Hakuna zaidi.

Picha ya mama wa Igombe tuliipeleka kuchapwa mjini, ukubwa wa inchi 4 kwa 6. Umbo hilo ni 3 kwa 2, sawa na la kamera, lakini picha ya simu ni 4 kwa 3 na mashine hukata sehemu moja kati ya tisa ya upande wake mfupi bila kuuliza. Ikate mwenyewe kabla. Nakala ya kwanza ilitoka na dagaa wa kijivu. Mashine ya kuchapa nayo ina marekebisho yake ya otomatiki, nayo imefundishwa kijivu kilekile. Tulimwomba fundi ayazime, akachapa upya, na bahasha ikarudi Igombe kwa daladala ya asubuhi.