Nilivyofuatilia kiota cha tai wa Big Bear nikiwa Mikindani

Wengi wanaojaribu kutazama kiota cha tai kwenye intaneti wanakata tamaa mapema kwa sababu wanafungua wakati mbaya. Kiota ninachokisema kiko California, Marekani, juu ya msonobari karibu na ziwa la Big Bear, kama mita 44 kutoka chini. Wahifadhi wa hapo, Friends of Big Bear Valley, wameweka kamera inayorusha picha mchana na usiku, bure. Lakini asubuhi yetu Mtwara ni usiku wao. Ukifungua saa mbili wakati unakunywa chai, utakuta mgongo wa ndege aliyelala, na utaendelea kuutazama huo mgongo mpaka bando likate.

Mimi ni fundi cherehani, na Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi. Mafundi wenzangu wanajua maana yake: nguo za Idi, kila mteja anataka yake iwe ya kwanza, na usiku haulaliki. Hapo ndipo nilipogundua kwamba saa zangu na saa za wale tai zinapatana. Sisi tukifuturu, kule jua limeshachomoza na makinda wanalishwa. Wakati wa daku, kule ni jioni, na mara nyingi mzazi mmoja anarudi na samaki wa mwisho kabla giza halijaingia. Kuanzia Machi 9 Wamarekani walisogeza saa zao mbele, tofauti ikapungua kutoka saa kumi na moja hadi kumi. Sisi hatuna mambo hayo ya kusogeza saa, kwa hiyo ilibidi nihesabu upya.

Upande wa bando, nilikuwa najiunga cha usiku, kisha nashusha ubora wa picha hadi 144. Kwa ubora huo kinda huwezi kumtofautisha na donge la pamba, lakini hilo halikunisumbua maana nilikuwa nasikiliza zaidi kuliko kutazama. Simu niliiegemeza kwenye kopo la nyuzi, mimi naendelea na pindo langu. Tai aliyebaki kiotoni akimwona mwenzake anakuja hupiga kelele, tena kelele nyembamba ya kucheka-cheka ambayo hungetegemea itoke kwa ndege mkubwa vile. Nikiisikia tu, nasimamisha cherehani, napandisha picha hadi 360, naangalia wanavyolishwa, narudisha chini. Kama nimepitwa, narudisha video nyuma. Umeme ukikatika inabaki pawabanki, na siku hizo cherehani ya kukanyaga inakuwa na heshima yake.

Wenye kiota ni Jackie, jike, na Shadow, dume. Jike ndiye mkubwa wa mwili, kama ilivyo kwa tai wengi. Wote wawili wanaatamia, wote wanalisha. Kabla ya makinda, burudani ilikuwa vijiti. Shadow analeta kijiti kirefu, anakipanga upande wa kushoto kwa uangalifu; Jackie anakiangalia, anakichomoa, anakipeleka kulia. Shadow anakirudisha. Siku moja alikizungusha kikamkwama mwenziwe mgongoni, akabaki amekishika mdomoni kama anayefikiria aseme nini. Nilicheka peke yangu hadi jirani akauliza kulikoni.

Lakini walikuwa na historia ya majonzi hawa. Mayai ya 2023 hayakuangua, na ya 2024, matatu, waliyaatamia kwenye theluji kwa wiki nyingi, nayo hayakutoa kitu. Kwa hiyo mayai matatu mengine yalipotagwa Januari 2025 mimi sikuwa na matumaini makubwa. La kwanza liliangua Machi 3 usiku wa kule, kwetu imeshakuwa asubuhi ya tarehe 4. La pili likafuata baada ya saa chache, la tatu Machi 8. Kinda wa tai anajitoboa mwenyewe kwa kijino kidogo kilicho kwenye ncha ya mdomo wake, na akimaliza amelowa, shingo haimbebi kichwa. Jackie anachana samaki vipande vidogo kabisa, anainamisha kichwa pembeni, anasogeza kipande karibu na mdomo wa mtoto na kungoja. Mdomo ule unaoweza kurarua nyama, anautumia taratibu hivyo.

Mama yangu anafuga kuku, na kwake ndege yeyote mwenye mdomo wa kupinda ni adui.

"Huyo si mwewe?"

"Ni tai, mama."

"Mwewe mkubwa basi. Na wewe unamlipia bando!"

Hata hivyo alikuwa akipita mara kwa mara na kikombe chake, anasimama nyuma yangu, anauliza kama wameshakula.

Katikati ya Machi ilipiga dhoruba ya theluji. Mzazi alilala juu ya makinda, theluji ikimjaa mgongoni, na kwenye picha ya 144 ilikuwa weupe mtupu. Ilipotulia vikaonekana vichwa viwili badala ya vitatu. Nilingoja alishe mara nyingine, nikapandisha picha hadi juu kabisa bila kujali bando, nikahesabu tena. Viwili. Nikamwambia mama. Hakushangaa. "Kuku wangu akiangua kumi na wawili, unadhani nabaki na wangapi?" Kisha akaniuliza huyo mdogo alikuwa wa ngapi kuzaliwa.

Waliobaki walipewa majina na wanafunzi wa shule ya msingi ya hukohuko: Sunny na Gizmo. Aprili nilipumzika kidogo, kazi zilikuwa zimepungua na wao walikuwa wa kula na kulala tu. Mwezi Mei ndio wa kutazama. Manyoya meusi yameota, mabawa yamewazidi, wanapiga mabawa mpaka miguu inanyanyuka kiotoni, wanashuka, wanajifanya hakuna kilichotokea. Kichwa cheupe kile cha tai wa Marekani hawakuwa nacho. Huja wakifika kama miaka mitano. Sunny aliruka kwanza, mwanzoni mwa Juni, na Gizmo akafuata siku chache baadaye. Niliona kwa marudio, maana wakati wenyewe nilikuwa napima mteja.

Atakayetaka kufuata msimu mwingine, aanze Januari, mayai yakitagwa, na achague jioni ya kwetu kuanzia saa kumi na mbili. Mimi nimeshamwomba mjomba wangu, mvuvi upande wa Msimbati, anipeleke mlangoni mwa mto Ruvuma kiangazi hiki. Anasema kuna kwazi wawili wanaojenga juu ya mti mmoja kila mwaka. Ni jamaa wa karibu wa hawa wa California, naye mkia na kichwa vyeupe, ila mweupe hadi kifuani. Sharti la mjomba ni kwamba mtumbwi utakaa mbali na nisivae kitu chekundu. Darubini nimeazima kwa mwalimu mmoja wa sekondari, na kioo chake kimoja kina ufa.