Pilipili ya kusikiliza

Hii ni wiki ya tano natunga kipande cha muziki cha dakika 4 kuhusu pilipili. Hakina neno hata moja. Nataka mtu aketi, avae vifaa vya masikioni, na ulimi wake ukumbuke kuwashwa. Wahenga waliuliza: pilipili iliyo shamba yakuwashia nini? Mimi nataka imuwashe hukohuko iliko, kabla hajaigusa.

Toleo la kwanza lilikuwa na ngoma za kasi, gitaa lenye mkwaruzo mzito na noti za juu kabisa. Njia hiyo ina msingi. Mwaka 2017 Qian Janice Wang, Steve Keller na Charles Spence walichapisha utafiti wao kuhusu sauti na ukali wa chakula, na mambo waliyoyakuta yakiendana na pilipili ndiyo hayohayo: sauti za juu, mwendo wa haraka, mkwaruzo mwingi. Kiswahili kilishaliona zamani, maana pilipili ni kali na sauti nayo ni kali. Lakini dada yangu aliposikiliza alinitazama, akasema, "Huyu ana hasira. Hajala pilipili."

Alisema kweli, na maneno yake yalinikaa kichwani siku nzima. Jioni nikaweka gitaa chini, nikachukua pilipili moja mbichi na saa ya kuhesabia sekunde.

Mwanzo ni maji tu, na harufu ya majani mabichi, na utamu mdogo ambao sikuwahi kuutilia maanani. Kisha kimya. Kimya hicho kilinishangaza kuliko moto wenyewe: sekunde tano, sita, mdomo umetulia kabisa. Halafu kitu kama ncha ya sindano pembeni mwa ulimi. Kikapanda taratibu, kikatanda hadi kooni, na ilipofika nusu dakika masikio yangu yalikuwa ya moto. Nikanywa maji. Afueni ikaja, ikakaa kwa muda wa pumzi mbili, moto ukarudi umeenea pande ambazo haukuwapo mwanzo. Kapsaisini, ile dawa inayowasha ndani ya pilipili, haikubali kuyeyuka vizuri kwenye maji, kwa hiyo maji huitembeza tu. Dakika kumi baadaye midomo ilikuwa bado inavuma.

Hapo nikaona kosa langu. Nilikuwa nimeanza wimbo katikati ya moto, nikaufuta utamu, nikaufuta na ule ukimya.

Liko jambo jingine lililonigeuza mawazo. Kapsaisini haina ladha kama chumvi au sukari zilivyo na ladha. Inashika kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, ambacho kazi yake ni kuamka joto likipita nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Mwanasayansi David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye akapata Tuzo ya Nobel. Maana yake mdomo hupeleka habari ya moto na moto haupo. Nikajiuliza kama sikio nalo linaweza kusikia kitu kisichopigwa. Linaweza! Ukipiga pamoja sauti safi za mitetemo 200, 300 na 400 kwa sekunde, sikio husikia na noti nzito ya 100 chini yake, ingawa hakuna aliyeipiga. Nilipogundua kwamba naweza kuujenga moto wangu wote kwa njia hii, nilisimama nikazunguka chumba.

Kwa hiyo sasa ngoma zimeondoka zote. Kinaanza kinanda laini kwa sekunde nane. Kimya sekunde sita. Halafu noti moja nyembamba, kisha nyingine juu yake, na besi inajengeka kichwani mwa msikilizaji mwenyewe. Kwenye maji nimeacha sauti moja tu iliyo safi, na moto unaporudi unatoka masikio yote mawili, wakati mwanzo ulikuwa upande wa kushoto peke yake.

(Pilipili ya Sichuan, kiungo cha Kichina, ni jambo jingine kabisa. Watafiti waliwahi kupima mtetemo ambao watu huuhisi midomoni wakiipaka, wakakuta ni kama mara 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye uzi mnene wa gitaa la besi ni 49. Hiyo naitunzia kipande kijacho.)

Juzi dada amesikiliza tena. Hakusema kitu, ila baada ya yale maji nilimsikia akivuta hewa kwa meno. Ninachobishana naye sasa ni mwisho: nimeacha noti ya juu peke yake, inatetemeka na kufifia kwa sekunde 50. Anasema ni ndefu mno, niikate nusu. Sitaikata.