Mtoto ameshiba, damu imepungua

Kuna jibu ambalo akina mama wa vijijini hunipa mara kwa mara ninapowauliza kuhusu mlo wa watoto wao: "Anakula, tena anashiba." Ni jibu la kweli, na ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu ninapokiweka kiganja cha mtoto huyo huyo kando ya kiganja cha mama yake naona weupe usiostahili kuwepo, na ninapoivuta kope yake ya chini kwa kidole gumba, utando wa ndani uliopaswa kuwa mwekundu umepauka. Mtoto halii njaa. Ametulia tu mgongoni, ametulia kupita umri wake, na watu humsifu kwamba hana usumbufu.

Kadiri ninavyozidi kulitafakari jambo hili, ndivyo ninavyoamini kwamba uhaba wa chakula katika kaya hauanzi na sufuria tupu. Kipimo cha uhaba wa chakula cha FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kina maswali 8, na mpangilio wake unaeleza mengi: huanza na hofu ya kuishiwa, kisha kukosa chakula chenye lishe, kisha kula aina chache tu, na baada ya hapo ndipo huulizwa habari za kuruka mlo, hadi kushinda siku nzima bila kula. Katika hatua za mwanzo nafaka hubaki nyumbani; vinavyoondoka ni nyama, samaki, mayai na matunda. Tumbo hujaa, lakini madini chuma, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu, hayamo.

Mkubwa huweza kuvumilia hali hiyo kwa muda, lakini mtoto mchanga hawezi. Akiba ya madini chuma anayozaliwa nayo humtosha kwa takriban miezi 6, tena ikiwa hakuzaliwa njiti, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana madini hayo kwa kiasi kidogo. Kati ya miezi 7 na 12 anahitaji takriban miligramu 11 kwa siku, ilhali mwanamume mzima hutosheka na 8. Kiasi hicho kinapaswa kuingia katika tumbo dogo, kupitia vijiko vichache vya uji wa nafaka ambao wenyewe una fitati zinazozuia madini chuma kufyonzwa. Na tunda lenye vitamini C, ambalo lingesaidia ufyonzaji huo, ni miongoni mwa vitu vilivyokwisha kuondolewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 takriban asilimia 40 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 duniani walikuwa na upungufu wa damu.

Najua si chakula pekee. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, na wapo watoto wenye seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hata hivyo, kaya isiyo na uhakika wa chakula mara nyingi ndiyo hiyo hiyo isiyo na choo bora wala chandarua, kwa hiyo mambo haya humwangukia mtoto mmoja kwa pamoja.

Kinachoniuma ni ushauri wetu. Tunamwambia mama ampe mtoto mlo kamili, naye anatuitikia kwa heshima, wakati kuku wake wanataga na mayai yote yanauzwa ili kununua unga wa watu wote nyumbani. Hakosi maarifa. Amepiga hesabu akaona kwamba yai moja kwa mtoto mmoja ni mlo uliopungua kwa wengine, na katika miezi ya kabla ya mavuno sioni ni nani angepiga hesabu tofauti. Virutubishi vya unga vya kuchanganya kwenye uji vinasaidia, mradi mahali penye malaria viende sambamba na kinga na matibabu yake, lakini pakiti hiyo haimrudishii mama mayai yake.

Kliniki nyingi humpima mtoto uzito na kuweka nukta kwenye kadi, na nukta hiyo inaweza kukaa mahali pazuri huku damu ikiendelea kupungua. Ningependa kipimo cha himoglobini, kinachoonyesha kama damu imepungua, kiwe kando ya mizani, hasa katika miezi ile ghala linapokaribia kwisha, na mama aulizwe mtoto alikula nini jana, kisha aulizwe pia ni kitu gani alilazimika kukiuza.