Alhamisi yangu Kibuye: picha ya marehemu, saizi A2

Saa moja asubuhi nafungua studio karibu na soko la Kibuye, Kisumu, na kuwasha printa. Alhamisi kazi nyingi huwa ni picha za marehemu, kwa kuwa familia nyingi huku huzika Ijumaa na Jumamosi.

Saa mbili na nusu anaingia mama kutoka Ahero pamoja na binti yake. Anataka picha ya mumewe saizi A2, isimame mbele ya jeneza. Aliyonayo ni ile iliyozungushwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Naifungua kwenye kompyuta: pikseli, yaani nukta zinazounda picha, ni 720 kwa 960. A2 ina urefu wa inchi 23.4, kwa hiyo kila inchi itaambulia pikseli 41. Picha ya kushikwa mkononi hupendeza kwa 300. Inayotazamwa kwa mbali kidogo, 150 hutosha. Kwa 41, uso hugeuka vigae.

Najaribu programu ya akili bandia. Sura inatoka safi, ngozi nyororo, macho yanang'aa. Mama anasogea, anaweka kidole kwenye skrini, juu ya nyusi ya kushoto.

"Mwanangu, kovu lake liko wapi? Huyu si mzee wangu."

Amesema kweli. Programu hizi zimefunzwa kwa picha za watu wengine, na pale pikseli zinapokosekana hukisia. Kovu lilikuwa doa dogo tu, ikalifuta na kujaza ngozi ya kubuni. Mlima au ua nitalikuza hivyo bila wasiwasi, lakini uso wa mtu anayeagwa, hapana.

"Picha yenyewe alipiga nani?" nauliza. Kifunguamimba wao, yuko Eldoret. Binti anampigia, nami namweleza: usitume kama picha, WhatsApp huibana, tuma kama dokumenti. Mara ya kwanza inakuja ndogo vilevile. Ya pili, pikseli 3000 kwa 4000. Kovu lipo, na hata uzi uliochomoka kwenye kola ya shati unaonekana.

Saa tano hadi saa saba, picha za pasipoti. Stima inapotea, inarudi.

Saa nane naishika kazi yenyewe. Nakata pembeni kidogo, kwa kuwa umbo la picha ya simu si umbo la A2. Inabaki na pikseli 171 kwa inchi. Naondoa chembechembe za kivulini kwanza, kisha naikuza hadi 200, na kuongeza ukali mwisho kabisa. Ukiutanguliza ukali, utazikuza kasoro pamoja na picha. Kabla ya kuchapa yote, nachapa kipande cha jicho na shavu kwenye karatasi ya A4, kwa ukubwa uleule kitakaokuwa nao kwenye A2. Nakibandika ukutani, narudi nyuma hatua tatu. Kivuli cha shavu kimezidi weusi. Nakipunguza, nachapa tena. Karatasi mbili za A4 ni gharama ndogo kuliko A2 iliyoharibika.

Saa kumi na moja wanarudi. Mama anaitazama kimya, kisha anamwonyesha binti lile kovu. Namhamishia binti faili la asili kwenye simu yake, lisibaki Eldoret peke yake. Wanaondoka kwenda kupanda matatu ya Ahero, fremu imefungwa kwa leso.