Herufi za Kichina zilikuwa zinatoka viboksi kwenye grafu, hivi ndo nilivyotatua

Wadau, kuna braza hapa Tanga anaagiza vipuri vya pikipiki China, akanipa orodha nimchoree grafu kwa Python, majina yote ya Kichina, kuchora na Matplotlib (maktaba ya Python ya kuchora grafu) vikatoka viboksi vitupu. Data iko poa kabisa, shida fonti: DejaVu Sans inayokuja nayo haina Kichina. Kwenye Ubuntu (Linux) nikainstoo fonts-noto-cjk (fonti za Kichina, Kijapani na Kikorea), nikafuta kache ya Matplotlib (orodha ya fonti iliyojihifadhia, hii msiiruke jamani, fonti mpya inaweza isionekane), halafu plt.rcParams['font.family'] = 'Noto Sans CJK JP'. Ndio, JP (ya Kijapani), maana lile faili la fonti za Noto lina fonti kadhaa ndani na Matplotlib inasoma ya kwanza tu, ila Kichina kinatoka safi. Wa Windows wekeni 'SimHei' (fonti ya Kichina) badala yake, alama ya kutoa ikigeuka kiboksi ongezeni plt.rcParams['axes.unicode_minus'] = False.