Deep Purple laivu, hatimaye

Nianze na kitu ambacho nikisema watu wananishangaa: mi kwenye Deep Purple, ile bendi ya roki ya Uingereza, sikuvutwa na gitaa. Najua, najua, bendi ya Ritchie Blackmore, gitaa ndo kila kitu, ila kilichonikamata mimi toka mdogo ni kinanda cha Jon Lord, ile ogani ya umeme aina ya Hammond iliyokuwa inanguruma kama lori linapanda mlima na mzigo, na sababu ni kwamba mzee hakuridhika na spika yake ya kawaida, akaichomeka kwenye amplifaya za Marshall ambazo ni za wapiga gitaa, basi ikatoka sauti nene, chafu, inayogombana na Blackmore uso kwa uso. Lord alifariki Julai 2012. Kwa hiyo nakata tiketi nilikuwa najua kabisa niliyemtaka hayupo.

Kaka yangu yeye ana msiba wake mwingine. Kwake Deep Purple ilikufa Novemba 1993, Blackmore alivyowaacha wenzake katikati ya ziara, na Steve Morse aliyeshika gitaa baada ya hapo hadi 2022 hamtambui kabisa, ukimtaja anabadilisha mada. Sasa Morse naye aliondoka ili amuuguze mkewe, akaja Simon McBride kutoka Ireland ya Kaskazini, kijana wa 1979, yaani Machine Head, albamu yao ya 1972, imemzidi miaka saba. Nikamwambia kaka twende. "Dogo, unanipeleka kuona bendi ya kuiga nyimbo za Deep Purple." Alikuja lakini. Tiketi nimelipa mimi, angekosaje.

Wakafungua na Highway Star, ule wimbo ulioanzia kwenye basi 1971 wakiwa njiani kwenda Portsmouth, mwandishi mmoja aliuliza mnatungaje nyimbo, Blackmore akachukua gitaa akamwonyesha hapohapo. Niseme ukweli, dakika za mwanzo sauti ilikuwa ovyo, besi imefunika kila kitu, mwimbaji Ian Gillan unaona mdomo unacheza tu husikii neno, na mbele yangu kuna ukuta wa simu. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Mpaka wimbo wa pili ndo fundi wa mitambo akaamka.

Gillan ni wa 1945, hesabu mwenyewe. Kama unaenda ukitegemea zile kelele za juu za kwenye Made in Japan, albamu ya laivu waliyoirekodi Osaka na Tokyo Agosti 1972, utarudi umenuna. Hazipo. Child in Time wameshaacha kuupiga miaka mingi, na hata hivyo kuna watu nyuma yetu waliupigia kelele usiku mzima, nikawa natamani kugeuka niwaambie jamani mwacheni mzee wa watu. Anachofanya siku hizi ni kuimba chini kidogo, anachagua pa kusukuma, solo zikianza anapotea nyuma ya jukwaa anapumzika zake, akirudi anatabasamu. Na nyimbo za taratibu anaziweza vizuri kuliko nilivyodhani. When a Blind Man Cries, ambao enzi hizo uliachwa nje ya Machine Head ukawekwa tu upande wa pili wa santuri ndogo, ulinishika koo kuliko nyimbo zote za fujo, maana sauti iliyochoka kidogo inaufaa ule wimbo. Kijana wa miaka 26 hawezi kuuimba hivyo, hata kama kijana mwenyewe alikuwa Gillan.

Haya, sasa kinanda. Don Airey yupo hapo tangu 2002 na bado kuna watu wanamwita mgeni, wakati huyu mzee ndiye aliyepiga kile kinanda cha kutisha mwanzoni mwa wimbo wa Mr. Crowley wa Ozzy Osbourne, na miaka ileile alikuwa Rainbow, bendi ya nani? Ya Blackmore. Hiyo nilikuwa nimemwekea kaka akiba. Nilipomtupia sikioni akajifanya hasikii kwa ajili ya kelele. Airey hamwigi Lord na nashukuru, anacheza kwa utani zaidi, kwenye solo yake anachanganya vipande vya muziki wa kiorkestra halafu ghafla anakurudisha kwenye bluzi. Ila ilipofika Lazy, kinanda kikaanza peke yake, kile kikwaruzo cha Hammond iliyozidiwa umeme, mi nilifumba macho. Kwenye spika za nyumbani unasikia kwa masikio tu, pale kilikuwa kinapita kwenye sakafu mpaka kifuani.

Smoke on the Water lazima niuseme ingawa kila mtu anaujua. Wanafunzi wote wa gitaa duniani wanauanza vibaya, wanatumia kipande cha plastiki, wakati Blackmore alikuwa anavuta nyuzi mbilimbili kwa vidole. Lakini sikiliza tena: gitaa likishapita, kinanda kinaingia na mstari uleule kwa sauti chafu ileile, mpaka mtu unadhani ni magitaa mawili. Ndiyo maana mtu peke yake chumbani na gitaa lake haufiki! Kwenye shoo McBride akaanza, watu wakalipuka, halafu Airey akaingia chini yake na ukumbi mzima ukawa mzito, nikamgonga kaka bega, "umesikia?" Safari hii alisikia.

Na kisa cha wimbo wenyewe ni cha kweli, dada mmoja pembeni yetu alikuwa hajui kwamba maneno yale ni kama taarifa ya habari. Desemba 4, 1971, Montreux, Uswisi, jamaa wameenda kurekodi kwenye kasino, wamekodi studio ya kwenye gari ya Rolling Stones, siku hiyo mwanamuziki Frank Zappa anapiga shoo pale, mtu mmoja akafyatua fataki ya kuashiria dharura ikashika dari, kasino ikateketea yote. Moshi ukatanda juu ya ziwa, ndo jina la wimbo lilipotoka. Wakaishia kurekodi kwenye korido za Grand Hotel iliyokuwa imefungwa msimu wa baridi, magodoro yameegemezwa ukutani.

Mtu aliyenimaliza usiku ule hata hivyo si Airey wala McBride. Ni Ian Paice. Kwanza anapiga dramu kwa kushoto, seti nzima imegeuzwa, kwa hiyo ukimwangalia mikono unachanganyikiwa. Pili hapigi kwa nguvu za kubomoa, ana ule mruko wa jazi, anaacha nafasi, fimbo zinadunda zenyewe. Mwaka 2016 alipata kiharusi kidogo, shoo kadhaa zikafutwa, akarudi kazini. Roger Glover na besi yake anamkodolea macho muda wote, mkono ukibadilika naye kabadilika, na nikaelewa kwa nini hawa wanaweza kubadilisha wapiga gitaa na bado ukisikia sekunde tano tu unasema ni wao.

Mwishoni wakapiga Hush. Wimbo wenyewe ni wa Joe South, wao waliurekodi 1968 ukafika namba 4 Marekani, na kati ya wale watano waliosimama mbele yetu, aliyekuwepo kwenye rekodi ile ni Paice peke yake, wengine wote walikuja baadaye, hata Gillan na Glover waliingia 1969. Wakamalizia na Black Night, watu wanaimba mstari wa gitaa kwa mdomo, hata yule aliyekuwa anadai Child in Time kasahau deni lake.

Tukiwa tunatoka kaka akakubali kwamba McBride ni fundi, solo safi, hana majivuno, hakumwiga mtu. Nikadhani nimeshinda. Halafu akaongeza, "ila jina la bendi wangebadilisha." Nikamwambia sawa kaka, mwambie na Paice abadilishe la kwake.