Nyama kavu ya Malkia bado ni mbichi

Malkia, mbwa wangu, anachagua chakula kama mwali. Ukimwekea zile punje kavu anazinusa, anakutazama, anaenda zake kulala. Lakini nikigusa tu pakiti ya nyama mbichi iliyokaushwa kwa kugandishwa, ameshafika miguuni na mate yanamdondoka. Kwa hiyo sitakuambia chakula hiki hakifai, maana kimo kabatini kwangu. Ninachobishana nacho ni ule usemi wa wauzaji na wenye mbwa wenzangu: kimekauka, basi ni salama.

Nyama hugandishwa ikiwa mbichi, kisha huwekwa kwenye mtambo unaofyonza hewa. Shinikizo likishuka vya kutosha, barafu haiyeyuki kuwa maji, inageuka mvuke moja kwa moja na kutoka. Ndiyo maana kipande hubaki na umbo lake, chepesi, kimejaa vitundu, na ukikibana kwa vidole kinakuwa unga. Hakuna moto uliopita hapo. Kilichoondoka ni maji. Bakteria wa magonjwa kama Salmonella na Listeria, zikiwemo, hupungukiwa maji tu, hazifi zote, na wewe ukimimina maji kwenye bakuli umeziamsha. Maabara hutumia njia hii hii kuhifadhi bakteria hai kwa miaka mingi! Wapo watengenezaji wanaoipitisha nyama kwenye shinikizo kubwa mno ili kupunguza vijidudu, na mimi hutafuta maelezo hayo kwenye pakiti. AVMA, chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, tangu 2012 kinashauri mbwa wasipewe nyama mbichi ambayo haijapitia hatua ya kuua vijidudu.

Mimina maji ya vuguvugu, subiri kidogo, utajionea mwenyewe. Vipande vinavimba, wekundu unarudi, harufu ya buchani inapanda. Hiyo ni nyama mbichi, na mikono yako ishughulike nayo hivyo. Mimi nina kijiko chake peke yake, bakuli linaoshwa kwa sabuni kila akimaliza, na mabaki hayalali.

Kuhusu kipimo, macho yatakudanganya. Nyama huwa na maji kama asilimia 70, kwa hiyo kilo nzima ikikaushwa inabaki gramu 300 na kitu. Konzi moja inaonekana si chochote, mkono unaongeza, mbwa ananenepa. Tumia mizani. Soma pia kama pakiti inasema ni mlo kamili au ni kitafunwa. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mtoto wa mbwa akilishwa hiyo peke yake mifupa yake haikai sawa.

Jambo moja watu hulisahau: mbwa mzima anaweza kubeba Salmonella bila hata kukohoa, akaitoa kwenye kinyesi na mate. Anayelazwa ni mtoto aliyelambwa usoni, mzee, au mtu ambaye kinga yake imeshuka. Wajukuu wakija kukaa, pakiti inapanda juu ya kabati na Malkia anapikiwa. Siku ya kwanza hununa. Ya pili anakula.